Togwa si Pombe Isiyochacha: Lugha ya Wapika Pombe wa Uluguru na Kamusi za Kiswahili

Kamusi ni mizani ya lugha, na kama ilivyo mizani yo yote, yafaa nayo ikaguliwe mara kwa mara isije ikawa inawapunja watu. Kwa kuikagua kamusi ya Kiswahili si lazima kutafuta neno kubwa la siasa au la elimu. Neno dogo la jikoni latosha, na togwa ni mojawapo. Katika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotungwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, kama ilivyokuwa katika kazi ya Madan iliyoitangulia mwaka 1903, togwa inaelezwa kuwa ni pombe ambayo haijachacha. Maelezo haya ni mafupi, yanaeleweka upesi, na yamepotosha jambo pande zote mbili. Togwa si pombe, tena imechacha.

Kosa hili lingekuwa dogo kama lingekuwa peke yake. Lakini ukilifuata mpaka chanzo chake, utaona kwamba linatokana na desturi ya muda mrefu: Kiswahili cha vitabu kimeitazama pombe ya nyumbani kwa macho ya mnywaji, ya hakimu na ya mhubiri, na mara chache sana kwa macho ya mwenye kuipika. Watu wa Morogoro na wa milima ya Uluguru, ambako vyungu vya togwa na vya pombe hupikwa kwa ajili ya arusi, ngoma, kazi za ujima na biashara ya kila siku, wana maarifa mengi ya kazi hii, na siku hizi huyaeleza kwa Kiswahili. Maarifa hayo hayajapata nafasi yake katika kamusi.

Yafaa kwanza kueleza jinsi togwa inavyotengenezwa, maana hoja yote imesimama juu ya jambo hilo. Kazi huanza na kimea. Ulezi au mtama huloweshwa, huopolewa, kisha hufunikwa mahali penye unyevu na joto mpaka uchipue. Baadaye huanikwa juani na kusagwa. Kando yake hupikwa uji mzito wa mahindi au wa mtama, ukaachwa upoe hata mkono uweze kuuvumilia, ndipo unga wa kimea hutiwa na kukorogwa. Haupiti muda mrefu uji uliokuwa mzito hulegea, na ladha yake hugeuka kuwa tamu ingawa hapana sukari iliyotiwa. Sababu ni kwamba nafaka inapochipua hutoa vimeng'enya vya kuvunja wanga na kuufanya sukari. Mpishi akikitia kimea uji ungali unatokota, vimeng'enya hivyo hufa na uji hubaki vile vile. Akingoja mpaka uwe baridi kabisa, kazi hukokota. Kwa hiyo ule mkono unaopima joto la chungu unajua kitu cha hakika, hata kama mwenye mkono hajapata kusikia neno kimeng'enya.

Baada ya hapo chungu huachwa kilale, na togwa huanza kupata ukali. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho kipo Morogoro chini ya milima yenyewe, walitoa pamoja na wenzao wa Norway matokeo ya uchunguzi juu ya viumbe vidogo vilivyomo katika togwa. Katika uchunguzi huo, ulioongozwa na J. K. Mugula, walikutwa bakteria wa asidi ya laktiki wa jamii ya Lactobacillus na wengineo, na pamoja nao hamira za namna kadha wa kadha. Bakteria hao ndio wanaoipa togwa ukali wake. Kwa maneno mengine, togwa iliyolala ni kinywaji kilichochacha, ila uchachu wake mkubwa ni wa asidi, si wa kilevi.

Mwenye kuitetea kamusi aweza kusema kwamba togwa ya saa za kwanza ni tamu na haijaanza kupata ukali, na kwamba katika baadhi ya nyumba togwa ni hatua mojawapo katika safari ya kupika pombe. Hayo ni kweli, na huenda ndiyo yaliyowaongoza watungaji. Lakini hatua ya safari haielezwi kwa kutaja mwisho wa safari peke yake. Unga ni hatua ya ugali, wala hapana kamusi inayosema kwamba unga ni ugali ambao haujapikwa. Togwa ina jina lake, ladha yake, wakati wake na wanywaji wake. Wengi huinywa asubuhi, hushiba, na hawaingojei iwe kitu kingine.

Hasara ya maelezo mabaya si ya wanachuoni tu. Milima ya Uluguru ina Wakristo wengi, hasa Wakatoliki, kwani Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni Matombo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Waislamu nao ni wengi, mlimani na katika mji wa Morogoro. Katika shughuli ya jirani ambako wote wamealikwa, togwa ndiyo inayowawezesha kukaa pamoja: anayeshika dini yake hunywa, mtoto hunywa, mzee hunywa, na hapana anayelewa. Mwanafunzi akifungua kamusi akaambiwa kwamba kinywaji alichopewa na bibi yake ni pombe, amefundishwa uwongo juu ya nyumba yake mwenyewe. Na akiamini, ataacha kitu chenye manufaa. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Tanzania, ulioonyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji wa nafaka uliochachishwa kwa asidi ya laktiki walipatwa na kuhara kwa uchache kuliko wenzao. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Svanberg huyo huyo na A. C. Mosha walikuwa wameonyesha jinsi unga wa nafaka iliyochipuzwa unavyoulegeza uji mzito, hata mtoto akapata chakula kingi zaidi katika tumbo dogo. Kimea, ambacho wengi walikidhani kitu cha walevi, kikaonekana kuwa chakula cha watoto. Wapishi walikuwa na siri hiyo vyunguni mwao kabla ya maabara, lakini lugha ya vitabu haikuwa na mlango wa kuipitishia.

Neno la pili linalostahili kupimwa ni chacha lenyewe. Katika matumizi ya kawaida, kitu kilichochacha ni kitu kilichoharibika. Mchuzi ukichacha hutupwa. Wali ukichacha mpishi huona haya. Neno hili lina lawama ndani yake. Mpika pombe naye hulitumia, lakini kwa jambo alilolikusudia anapenda kutumia neno jingine: husema pombe imeiva. Tofauti baina ya maneno haya mawili si ndogo. Kuchacha ni jambo linalokipata chakula kwa kuachwa bila ya kuangaliwa. Kuiva ni jambo linaloletwa na uangalizi. Anayesema pombe imechacha ametaja mabadiliko tu, na anayesema imeiva ametoa hukumu: kwamba imefika pale ilipotakiwa kufika, wala haikupita.

Hukumu hiyo haitolewi kwa kuhesabu saa peke yake. Katika nyanda za Morogoro mjini joto ni kubwa, na chungu huenda mbio. Huko juu Mgeta na Bunduki, ambako baridi ni ya kuwashia moto, chungu kile kile kitachelewa, maana hamira na bakteria hufanya kazi polepole penye baridi. Kwa hiyo mpishi aliyeolewa juu akitoka chini hana budi kujifunza upya. Hutazama povu, husikiliza mchemko usio wa moto, hunusa, huonja, na huita jirani aonje. Kuonjana huku ndiko kunakofanya kazi hii iwe pia mapenzi na burudani: mtu hufurahia kusifiwa kwa chungu chake, na hupeleleza siri ya chungu cha mwenziwe. Ni elimu yenye vipimo vyake, wanafunzi wake na ushindani wake. Kamusi iliyoandika chacha na kuliacha kuiva kwa maana hii, imeandika ajali na kuuacha ustadi.

Hapa itafaa kulinganisha na jambo la pwani. Tembo la mnazi limepata heshima kubwa katika lugha. Kupanda mnazi na kukata karara kuna kitenzi chake, kugema. Mwenye kazi hiyo ni mgema. Kisu chake ni kotama. Tembo huwa tamu au kali, na likizidi kukaa huwa siki. Likichemshwa lingali bichi hutoa asali ya tembo. Juu ya yote hayo, mgema ana methali yake, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji, na kila mtoto wa shule huijua hata kama hajapata kuuona mnazi. Mpika pombe wa bara hana neno moja la kumtaja. Huitwa mpika pombe tu, kama kwamba kazi yake ni sawa na kuinjika chai, wala Kiswahili cha vitabu hakijampa methali ya kumsifu wala ya kumwonya.

Sababu ya kwanza ya tofauti hii ni ya historia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, ambayo Johnson alikuwa mkuu wake, iliyachukua maneno yake hasa kutoka visiwani na mwambao. Hapana haja ya kuwalaumu kwa hilo, kwani lugha lazima ianzie mahali. Sababu ya pili haitajwi sana. Mgema ni mwanamume, tena hufanya kazi juu ya mti, ambako kila apitaye humwona. Mpika pombe aghalabu ni mwanamke, tena hufanya kazi uani, ambako mgeni mwenye daftari hakaribishwi. Mwenye kukusanya maneno aliketi barazani, akaletewa pombe katika kata, akauliza jina lake, akaandika. Hakuona kimea kikianikwa wala hakuuliza ni kwa nini.

Ushahidi wa hoja hii unapatikana katika starehe nyingine ambazo watu hushirikiana. Bao huchezwa barazani mbele ya watu, na msamiati wake umehifadhiwa vizuri: kuna kete, nyumba, kichwa na kimbi, kuna kunamua, mtaji na kutakata, na wataalamu wa Afrika na wa Ulaya wameuchunguza mchezo huo kwa urefu. Muziki wa dansi nao ulipigwa mbele ya watu. Morogoro ilikuwa na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, ambamo Mbaraka Mwinshehe alipata jina kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Ilikuwa pia na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965. Vijana walioanza kwa kujifurahisha tu walirekodiwa katika sahani za santuri, na hata leo mtu aweza kuvisikia vidole vyao. Katika kumbi zile zile watu walikunywa. Jina la mpiga gitaa limebaki, na jina la aliyepika halikuandikwa po pote. Hii haina maana kwamba ustadi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Mmoja ulikuwa ukumbini na mwingine uani.

Hata neno la kutajia mambo ambayo mtu huyafanya kwa mapenzi lina upungufu huo huo. Kiswahili kina neno uraibu, ambalo asili yake lilihusu vitu kama tambuu, tumbaku na kahawa, vitu ambavyo mtu huvizoea na kuvitamani. Siku hizi magazeti hulitumia zaidi kwa utumwa wa dawa za kulevya. Katika maana zote mbili, ni uraibu wa kinywa: furaha ya kutumia. Furaha ya kutengeneza, ile inayomfanya mtu aamke usiku kutazama kama chungu kimeanza kutoa povu, haina jina lililozoeleka. Lugha yenye neno la furaha ya mlaji na isiyo na neno la furaha ya mpishi imeegemea upande mmoja.

Sheria na fasihi zimelitia nguvu jambo hili. Sheria ya Vileo ya Tanzania ya mwaka 1968 inahusu leseni, mahali na saa za kuuza, na hivyo ndivyo sheria inavyopaswa kuwa. Lakini kwa sababu hiyo pombe ya kienyeji huonekana katika maandishi ya serikali kama jambo la kuruhusiwa au kukatazwa. Katika riwaya pombe huonekana zaidi kama maangamizi. Zakaria katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ni baba mlevi ambaye ulevi na ukali wake unaiharibu nyumba yake huko Ukerewe. Kezilahabi hakukosea; walevi wa namna hiyo wapo, na mwandishi ana haki ya kuwaonyesha. Wala hapana mtu mwenye akili atakayekana madhara ya ulevi, au hatari ya gongo linalokenekwa kwa siri, ambalo limewapofusha na kuwaua watu. Ila ni jambo moja kuulaumu ulevi, na ni jambo jingine kudhani kwamba lawama ni maelezo. Riwaya ikimwonyesha mnywaji tu imefanya kazi yake. Kamusi ikifanya hivyo imeshindwa, kwa kuwa kazi ya kamusi ni kueleza kitu kilivyo kabla mtu hajakihukumu.

Itasemwa labda kwamba maneno ya wapishi wa Uluguru ni ya Kiluguru, na Kiswahili hakiwezi kubeba msamiati wa kila kabila. Hoja hii inajibiwa na Kiswahili chenyewe. Mbege ya Wachaga, ulanzi wa Iringa na wanzuki ya asali sasa ni maneno yanayoeleweka na watu wengi nchini, wala hapana anayeyaona kuwa ya kigeni. Tena safari si ya upande mmoja tu. Machicha, ambayo pwani ni masalio ya nazi iliyokwisha kukamuliwa, bara yametumiwa pia kwa masalio ya pombe yaliyokwisha kuchujwa. Neno limepanda mlima likapata kazi mpya, bila ya kuomba ruhusa kwa kamati yo yote. Lugha inayokua hivyo haina haja ya kuogopa maneno ya mlimani. Na yale yanayotakiwa zaidi si majina mapya. Kuiva, kulala, kulegea na kimea ni maneno ya Kiswahili tangu zamani. Linalokosekana ni kuandika maana ambazo mpishi amezipa.

Basi kamusi yo yote ambayo msomaji anayo mkononi, iwe ya zamani au ya juzi, yaweza kupimwa kwa maswali matatu. La kwanza: je, inapoeleza kinywaji, inasema kimetengenezwa kwa nini na kwa njia gani, au inasema tu kwamba kinalevya? La pili: je, inatofautisha kinachochacha kwa asidi na kinachochacha kwa kilevi? La tatu: je, vitenzi vya kazi vimo pamoja na majina ya vitu? Kamusi inayoshindwa maswali haya matatu bado inaandikwa kutoka barazani.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopokea mwaka 2009 kazi za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ina desturi ndefu ya kukusanya maneno ya kazi za mikono. Chuo Kikuu cha Sokoine kina maabara ya vyakula. Taasisi moja inajua maneno na nyingine inajua viumbe vidogo. Katikati yao, Kinole, Matombo na Mgeta, wapo wapishi wanaojua vyote viwili kwa njia yao. Mkusanyaji atakayepelekwa huko heri awe mwanamke, tena mwenye subira ya kukaa uani siku nne au tano, tangu nafaka inapoloweshwa mpaka machicha yanapomwagiwa kuku. Akifika siku ya kunywa tu, atarudi na majina yale yale yaliyokwisha kuandikwa.

Kazi hiyo ikifanywa, maelezo ya neno togwa hayatakuwa marefu sana kuliko yalivyo sasa. Itatosha kuandika hivi: togwa ni kinywaji cha uji wa mahindi, mtama au ulezi, uliolegezwa kwa kimea na kuachwa uchachuke, ambacho ni kitamu siku ya kwanza na kikali kikisha kulala, hunywewa na wakubwa na watoto, wala hakilevi. Na chini ya kuiva, baada ya embe na ndizi na wali, uongezwe mstari mmoja: kwa pombe na togwa, kufika katika ladha aliyoikusudia mpishi.